Isale la Filemon

Mchagga akikuletea jani la isale kuomba msamaha, unalipokea hata kama moyo hautaki. Ndivyo walivyolelewa wote. Lakini Mektrida alimrudisha kaka yake Filemon mlangoni mara tatu, na jani lake mkononi. Alipokee la nini? Mwaka tisini na moja Filemon alikunywa pombe ya mbege, akashika usukani wa pikapu ya ndizi, akaipindua kwenye mteremko wa kwenda Kwa Sadala. Valerian, mtoto pekee wa Mektrida, alikuwa amekaa nyuma juu ya mikungu; walimtoa akiwa amekufa.

Miaka minne ikapita. Kila Jumapili Mektrida alisali Baba Yetu na wenzake, na walipofika pale pa "kama tunavyowasamehe", alifunga mdomo.

Kwaresima ya mwaka ule akaenda kuungama hilo. Alijua atakaripiwa. Padre akasema kwa upole, "Mungu amekusamehe, mama. Nenda kwa amani." Bila hata kumsuta! Mektrida alitoka analia, akapita mpakani mwa shamba, akakata isale yeye mwenyewe, akalifunga fundo, akashuka mbio kwa kaka yake.

Uani alikuta watu wamejaa, wanawake wanalia. Filemon alikuwa amekata roho alfajiri. Wifi yake, Gladys, akamshika mkono, akamwingiza ndani.

"Kaka, pokea," Mektrida alisema.

Mikono ya Filemon ilikuwa imeshafungwa kwa rozari. Kati ya vidole Gladys alikuwa amemwekea jani la isale lililokauka, lile Filemon alilorudi nalo mara ya tatu alipokataliwa.