Alama za Silas Penrudd

Jabez Tuckwell alihukumiwa kifungo cha maisha kwa kuiba kondoo, akapakiwa melini kupelekwa kisiwa cha wafungwa cha Van Diemen. Maisha! Na kondoo mwenyewe alikuwa mgonjwa. Aliyefungwa naye mnyororo mmoja, baharia Silas Penrudd, alipewa miaka saba tu. Homa ilipomuua Silas, Jabez alimvua shati lenye namba, akamvika lake. Wenzao waliona wakanyamaza, maana aliwagawia posho yake ya nyama wiki nzima. Aliyezikwa baharini akawa Jabez, na aliyeshuka bandari ya Hobart, kisiwani, akawa Silas.

Mimi simlaumu. Alikuwa na mke, Kezia, na mfungwa wa maisha harudi kwa mkewe. Miaka ilipokaribia kwisha alimpenyezea barua: njoo, ulizia Silas Penrudd. Kezia, mwanamke wa kutegemewa yule, alivuka bahari yote hiyo. Alifika Hobart mwezi mmoja kabla ya kifungo kwisha, akapata kazi ya udobi, akangoja.

Kulikuwa na jambo moja Jabez hakulifikiria, mjinga yule. Alikumbushwa na Brannock, Mwairishi aliyepasua naye mbao, mmoja wa wale walionyamaza melini, zikiwa zimebaki siku tatu aachiliwe.

"Silas wangu, utakaguliwa, unajua? Karani ana daftari. Waliandika kila alama ya mwili kabla hatujapanda meli. Kovu, mchoro, mpaka jino bovu."

Jabez akaanza kumkumbuka marehemu, kipande kwa kipande. Kovu kidevuni. Akashika kidevu chake: pingu zilimkata hapo mwaka wa kwanza. Kidole kidogo cha kushoto hakikuwepo. Cha Jabez nacho kilikwenda na msumeno mwaka wa nne.

"Mbona umepauka hivyo? Umeona mzimu?"

"Silas alikuwa na nanga. Mkononi."

"Silas ni wewe, bwana."

"Brannock, acha utani wako! Tafuta sindano na masizi. Unichore nanga, nakuomba."

Jumapili, baada ya ibada, wakajificha nyuma ya magogo. Jabez akapandisha mkono wa shati. Brannock akainama na sindano yake, kisha akainuka amekasirika.

"Unanichezea? Nanga si hii hapa?"

Ilikuwepo kweli. Ya buluu, imefifia, kama iliyochorwa zamani sana. Jabez akaisugua kwa mchanga mpaka damu ikatoka, lakini yenyewe haikutoka ng'o. Aliogopa mno. Na tuseme ukweli, alifurahi pia.

Jumatatu asubuhi karani akafungua daftari. "Kovu. Kidole. Nanga. Macho ya kijivu. Sawa." Akagonga muhuri. "Wewe huru, Penrudd. Nisikuone tena hapa."

"Hutaniona, mheshimiwa."

Kezia alikuwa nje kwenye jua, mikono imechubuka kwa sabuni. Jabez akamkimbilia. Kezia akarudi nyuma.

"Samahani, kaka. Namngoja mume wangu."

"Kezia! Ni mimi, Jabez!"

Akamtazama sana. "Jabez ana macho ya kahawia."

"Miaka saba, mke wangu! Jua hili, kazi hizi..."

Alitaka kuamini, maskini. "Basi niambie. Mtoto wetu tuliyemzika, tulimwita nani?"

Swali gani hilo! Jina lile Jabez alilitaja kila asubuhi alipoamka, miaka yote saba. Akajibu papo hapo, anatabasamu.

"Loveday."

Kezia akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Tabitha," akasema. "Tabitha! Mume wangu mmemfanya nini?"

Yeye akajaribu kulitamka, Tabitha, likawa geni kwake, kama jina la mtoto wa jirani. Mbele yake alikuwa amesimama mwanamke asiyemjua, analia katikati ya barabara, na huruma ikamshika. Akavua kofia.

"Pole sana, mama," akasema. "Jabez alikufa melini, kwa homa. Nilikuwa naye."