Pini Mdomoni

Kazini walimwita Shibe, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Tangu alipoanza kushona kwa Mama Mikasi, kila akikaribishwa chakula jibu lake lilikuwa lile lile: "Nimeshiba, asante." Akikaribishwa chai, ameshiba. Mteja akifurahia gauni lake na kuwaletea mafundi keki, Shibe ameshiba hata kisu hakijagusa keki. Fundi Vifungo, ambaye kazi yake ilikuwa matundu ya vifungo na utani, alisema binti huyu ana jiko tumboni linalojipikia lenyewe. Watu wakacheka, naye akacheka nao, jina likamganda.

Ukweli ni kwamba Shibe alikuwa na njaa karibu kila siku.

Mwili wake haukupatana na karanga. Aliligundua hilo ukubwani, kwenye shughuli ya kumpongeza binamu yake, pale mama yake mzazi alipompakulia mchuzi kwa mkono wake mwenyewe, na ndani ya mchuzi ule mlikuwa na karanga za kusaga. Koo lilijifunga kama mdomo wa mfuko unaovutwa kamba. Alikumbuka dari, nyuso zilizomwinamia, na sauti ya mama yake ikiita jina lake kama mtu anayeita ndani ya kisima. Hospitali walimwahi. Walimpa sindano ya dharura ya kutembea nayo, yenye dawa ya kujichoma koo likianza kujifunga, wakamwambia aepuke karanga, wakamruhusu arudi nyumbani.

Karanga aliziepuka. Lakini mzio ulikuwa wa karanga tu, hofu haikuchagua. Ilianzia kwenye karanga, ikahamia kwenye mafuta ya kupikia, ikapanda hadi sahani za watu, vikombe vya watu, mikono ya watu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na Shibe aliuona ung'ongo kila mahali. Alinunua sufuria yake na mwiko wake, akavifungia kabatini. Alikula viazi vya kuchemsha, mayai ya kuchemsha, na wali aliouchambua punje kwa punje. Mtoto wa dada yake akimkimbilia kumbusu, alimgeuzia kisogo, na mtoto akajifunza kumpungia mkono kutoka mlangoni.

Kila mchana mama yake alimpigia simu na kumuuliza swali moja: "Umekula nini, mwanangu?" Kabla ya jibu, Shibe alisikia pumzi ya mama ikisimama upande wa pili. "Nimekula vizuri, mama," alijibu. Pumzi ikaachiliwa. Binti alidanganya, mama akajifanya ameamini, na simu ikakatwa hadi kesho.

Kwa nini hakuwaambia wenzake? Alikuwa ameshaambia watu mara moja, kwenye duka la nguo alilofanya kazi kabla ya hapo. Mwenye duka alisema yeye hawezi kuajiri yai, atalishika hadi lini lisivunjike. Mfanyakazi mmoja akawa anamnyemelea na kutikisa pakiti ya karanga sikioni mwake, eti amzoeze. Wiki haikuisha, Shibe akafungasha. Basi alipopata nafasi kwa Mama Mikasi aliufunga mdomo. Aliipenda kazi ile. Alipenda mlio wa cherehani, harufu ya pasi kwenye kitambaa chenye unyevu, na jinsi Mama Mikasi, mwanamke mpana mwenye sauti ya taratibu, alivyotundika mkasi wake mkubwa kwenye msumari ukutani na kumkataza kila mtu kuugusa. Hapo Shibe alitaka kukaa. Sindano yake ya dharura aliificha chini kabisa ndani ya mkoba, na mkoba ukaning'inia mlangoni katikati ya mikoba ya wengine.

Kulikuwa na jambo jingine lililomziba mdomo. Mara mbili alikimbia zahanati akiwa na hakika kwamba anakufa, moyo unapiga ngoma, vidole vimekufa ganzi. Mara zote mbili walimpima, wakamwambia hakuna kitu, ni hofu. Mara ya pili muuguzi mmoja alimsindikiza hadi nje akamwambia neno ambalo Shibe hakulipenda. Alisema hofu nayo ni ugonjwa, ina watu wake wa kuitibu, na hakuna aibu. Kisha akamshika mkono.

"Lakini siku ukihisi koo linabana, usikimbilie chooni. Wengi hujifungia humo kwa kuona haya. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kaa penye watu."

Siku yenyewe ilianza vizuri. Bibi harusi alikuja kujaribu gauni lake, kaka yake akamsubiri nje ndani ya gari. Yeye alisimama juu ya kiti kifupi katikati ya chumba, naye Mama Mikasi akamzunguka kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kuhamia. Pindo lilikuwa refu na marinda ya kiunoni hayakukaa sawa. Shibe akapiga magoti upande wa kushoto, Vifungo upande wa kulia, wakaanza kubana kwa pini.

Mafundi wana tabia yao. Kitambaa kikiteleza mikono miwili haitoshi, kwa hiyo mdomo huwa mkono wa tatu. Fundi hupanga pini midomoni, vichwa nje, ncha kati ya meno, na kuzichomoa moja moja. Shibe naye alifanya hivyo, ila pini zake zilikaa kwenye kopo lake dogo, na hakuna aliyeruhusiwa kulitumia. Wenzake walidhani ni uchoyo. Vifungo alisema hata benki haina ulinzi kama ule.

Rinda la mwisho lilikuwa kaidi. Shibe alilishika kwa mikono yote miwili na mdomo wake ulikuwa mtupu. Kopo lilikuwa nyuma yake, nje ya upeo wa mkono. Kitambaa kikaanza kuponyoka.

"Pini," alisema.

Vifungo akachomoa tatu kutoka midomoni mwake, akamnyooshea. Shibe, macho yakiwa kwenye rinda, akafungua mdomo na kuzipokea kwa midomo, kama alivyofanya mara nyingi kwa pini zake mwenyewe. Mwili wa fundi ulifanya kazi yake. Akachomoa ya kwanza, akabana. Akachomoa ya pili.

Ndipo Vifungo alipoinama karibu kulitazama rinda, akapumua, na Shibe akaisikia ile harufu. Karanga za kukaanga.

Pini ya tatu ilimdondoka.

"Vifungo, umekula nini?"

Alijisikia akiuliza swali la mama yake, kwa sauti ya mama yake.

"Karanga kidogo, dada, za kuzugia tumbo," Vifungo alisema. "Zimeisha. Ungesema mapema kwamba leo hujashiba, ningekubakishia."

Bibi harusi akacheka. Shibe akainuka, akapita kati ya meza na cherehani bila kukimbia, kwa sababu mtu anayekimbia huulizwa, akaingia chooni na kufunga komeo.

Alisukutua. Akasukutua tena. Akasugua midomo kwa sabuni hadi ikawasha, halafu akashindwa kujua kama inawashwa na sabuni. Kwenye kioo kidogo kilichopasuka pembeni aliona uso wa mtu aliyekuwa akimwogopa. Moyo ulipiga ngoma. Vidole vilikufa ganzi. Haya alikuwa ameyaona zahanati, haya yalikuwa ya hofu. Lakini na ulimi je? Ulimi ulikuwa unawasha, au alikuwa anaufikiria sana? Akameza mate ajaribu koo. Yakapita. Akameza tena. Yakapita kwa shida, au ndivyo alivyoona. Hofu na karanga vilizungumza kwa sauti moja, naye alisimama katikati asijue amwitikie nani.

Mkoba ulikuwa mlangoni, ng'ambo ya watu wote. Akitoka na kuomba sindano, na kumbe ni hofu, kesho ataitwa yai. Asipotoka, na kumbe si hofu, hakutakuwa na kesho ya kuitwa chochote. Alilijua hilo vizuri kabisa, na bado mkono wake haukusogea. Aliliangalia komeo kama kitu kilichofungwa na mtu mwingine. Choo kilinuka sabuni. Alifikiria maneno ya muuguzi, akaona haya hata kwa muuguzi ambaye hakuwepo.

Mlango ukagongwa taratibu. Mama Mikasi alimwambia kwamba bibi harusi amesimama na gauni nusu, na akamuuliza kama tumbo linamsumbua, maana kuna maji ya moto.

Shibe alifungua mdomo ili aseme kwamba ameshiba. Ndilo neno lililokuwa tayari, lilikuwa limekaa pale mbele miezi yote hiyo. Halikutoka. Hakusubiri kujua ni nini kati ya viwili. Akavuta komeo.

"Mama, naogopa," alisema.

Baada ya hilo mengine yakaja yenyewe, yakigongana. Alisema mwili wake unakataa karanga. Alisema pini zilitoka mdomoni mwa Vifungo. Alisema sindano iko ndani ya mkoba wa kahawia, chini kabisa, na huenda ni hofu tu, hajui, asamehewe kama ni hofu tu.

Mama Mikasi alikuwa akitazama shingo yake. Vipele vilikuwa vimeanza kupanda kutoka kwenye kola, vyekundu, vikikimbilia sikioni.

"Kama ni hofu tutaicheka kesho," alisema. "Vifungo, mkoba."

Vifungo alikuja na mikoba yote mikononi, kwa sababu hakusikia ni upi, akaimwaga sakafuni. Wakamlaza Shibe juu ya marobota ya vitambaa. Alijaribu kuishika sindano, mikono ikakataa. Mama Mikasi akaichukua. Yeye aliyechoma vitambaa maisha yake yote alikuwa anatetemeka, na Shibe, pumzi zikipiga mluzi, ndiye aliyemwelekeza: toa kifuniko, hapa pajani, juu ya nguo hapo hapo, kandamiza, usiachie mapema. Mama Mikasi akakandamiza, midomo ikimchezacheza. Labda alikuwa anasali.

Walikwenda hospitali kwa gari la kaka yake bibi harusi, Shibe akiwa amelazwa kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa Mama Mikasi. Bibi harusi mwenyewe alipanda mbele na gauni lake la pini, akakaa wima njia nzima kama sanamu, maana kila akiegemea alichomwa. Hakulalamika hata mara moja.

Daktari alimweka chini ya uangalizi hadi jua likashuka. Vipele vilipofifia na mluzi ukaisha kifuani, Shibe alimuuliza kitu kilichomkera kuliko vyote: katika yale yaliyomtokea, karanga zilikuwa kiasi gani na hofu kiasi gani.

"Vipele na mluzi ni vya karanga," daktari alisema. "Kutetemeka, sehemu ni dawa, sehemu ni hofu. Mizani ya kuvitenganisha sina. Na wewe usiitafute peke yako chooni."

Kisha akamwandikia sindano nyingine, na akamwelekeza chumba cha mwisho wa ukumbi, kwa mshauri anayeongea na watu wenye hofu zisizolala. Safari hii Shibe hakukasirika. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kukasirika.

Mama yake alifika amevaa viatu visivyofanana. Hakuuliza swali lake. Alikaa kitandani akamkumbatia, na baada ya muda wakaambiana ukweli kidogo kidogo: binti kwamba siku nyingi hushinda na njaa, mama kwamba tangu ule mchuzi hajawahi kumpakulia mtu yeyote chakula.

Vifungo alikuwa kwenye benchi nje. Shibe alipotoka, Vifungo akasimama.

"Dada, ningekuua."

"Hukujua."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa mtacheka."

Vifungo aliitazama mikono yake. "Tungecheka," alikiri. "Siku ya kwanza. Halafu tungeacha."

Siku aliyorudi kazini, Shibe alisimama kizingitini akashindwa kuingia. Chumba kilikuwa kile kile na cherehani zile zile, lakini sasa kila pini aliiona. Karibu ageuke. Vifungo akamwona, akaja hadi mlangoni na kumwonyesha viganja vyake, mbele na nyuma, kama mtoto anayekaguliwa kabla ya kula. Vilinuka sabuni ya kufulia. Kwenye kifundo cha mkono alikuwa amefunga kijimto kidogo chenye pini, na kingine alikishika.

"Nimeshonea kila mtu," alisema. "Mama Mikasi amekataza pini mdomoni. Sasa midomo mitupu, tutausikia umbea wako."

Shibe akacheka kidogo, akaingia. Akatoa sindano mpya mkobani. Alitaka kuirudisha chini, mahali pake pa zamani. Badala yake alimpa Mama Mikasi, naye akaifunga kwa utepe na kuitundika kwenye msumari wake, juu ya mkasi usioguswa na mtu. Siku nzima Shibe hakuweza kuacha kuutazama msumari ule. Aliogopa utepe utakatika. Aliogopa watasahau. Mara kadhaa midomo yake ilifunguka yenyewe kudai pini, naye akashtuka na kuifunga.

Mchana ulipofika hakwenda kujificha stoo, alikozoea kula peke yake. Alikaa mezani na wenzake, akafungua kopo lake la viazi. Mkono ulitetemeka, wakauona ukitetemeka. Hakuna aliyemkaribisha na hakuna aliyemcheka. Kipande cha kwanza kilikwama juu ya koo na hofu ikainuka tena, ile ile, haikuwa imekwenda popote.

Simu ikaita.

"Umekula nini, mwanangu?" Pumzi ya mama ikasimama.

"Bado nakula, mama," Shibe alisema. "Naogopa. Subiri nimeze."

Mama yake akasubiri.