Joto la Nyuma ya Kitanda

Mwisho wa Agosti, upepo wa ziwa unapochoka na mabati ya mtaa wa Kilibula, mjini Uvira, yanapoanza kulia mchana, shemasi Damien alimwita Toussaint, fundi wa baridi, aje kukiandaa kiyoyozi kabla joto halijapamba moto. Mama Domitille, mama yake shemasi, aliposikia habari hiyo alikwenda moja kwa moja chumbani kwake, akaketi kitandani na kukataa kuinuka.

Kiyoyozi kile kilikuwa na vipande viwili. Kimoja kilipuliza baridi sebuleni. Cha pili, kile kinachotema joto, kilipaswa kukaa nje ukutani. Lakini Damien, kwa kuwaogopa wezi, alikiingiza ndani na kukifunga chumbani kwa mama yake, nyuma ya kitanda. Mtu na akili zake! Anapoza sebule kwa kumchoma mama. Hata hivyo mama hakulalamika hata siku moja. Yeye ndiye aliyekuwa akipita sebuleni akijipepea na kuguna, "Ah, leo iko joto sana, muwashe ile kitu," mpaka majirani wakamsifu kwa uvumilivu.

Uvumilivu wapi! Domitille alikuwa ameteremka kutoka milima ya Lemera miaka miwili nyuma, baada ya kumzika mumewe. Kule alikuwa mtu. Alivundika ndizi shimoni mpaka ziive, akakamua mutobe, ile juisi tamu ambayo hata Waprotestanti wanakunywa bila dhambi. Mutobe ukilala siku mbili na unga wa mtama unageuka kasiksi, pombe, na hapo kila mtu atajibu mwenyewe mbele ya Mungu wake. Hapa Uvira akishika ufagio ananyang'anywa. Akisogelea sufuria anaambiwa, "Mama, pumzika." Alikuwa amepumzika mpaka mifupa ikamuuma, na ilimuuma zaidi kukaa kitini kama mgeni asiyejua kuaga. Siku alipogundua kwamba pumzi ya ile mashine ina joto lilelile la shimo lake, alilia kwa furaha, kisha akatuma mtu sokoni amletee ndizi mbichi.

Toussaint alianza na kipande cha sebuleni. Alikivua kitambaa cha kufuma ambacho mke wa shemasi alikivisha kwa urembo, kikaziba njia ya hewa. Akatoa vichujio, akaviosha kwa maji na sabuni, vumbi likatoka jeusi. Kisha akaingia chumba cha nyuma, akaigusa mashine na kutikisa kichwa.

"Shemasi, hii iko inavuta joto yake yenyewe. Itakufa. Tuitoe inje, tuifungie na vyuma."

"Itoe," alisema Damien, akatoka kupokea simu.

"Bibi, simama kidogo nivute kitanda."

"Minye magoti iko inaniuma."

Toussaint alikivuta kitanda na bibi juu yake. Blanketi likaanguka. Nyuma yake kulikuwa na mikungu miwili ya ndizi mbivu, na bidoni, dumu la plastiki la lita ishirini, lililotoa povu mdomoni. Fundi akamtazama bibi. Bibi akamtazama fundi, akijua wazi: mashine ikitoka, yeye anarudi kitini.

Akachota kikombe, akampa. Toussaint akanywa, akapangusa midomo, akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Shemasi! Vyuma vya kuishikilia sina leo. Nitarudi Jumatatu!"

Mkono mtupu haulambwi, na wa Domitille haukuwa mtupu.

Jumamosi wazee wa kanisa walikuja kwa mkutano, watu tisa na makoti yao, mchungaji Firmin katikati. Kiyoyozi, kwa kuwa kimeoshwa, kilipuliza vizuri mno. Na kadiri sebule ilivyopoa, ndivyo chumba cha nyuma kilivyochemka. Domitille aliketi karibu na mlango wake, Biblia mikononi, masikio nyuma. Asubuhi alikuwa amelikaza lile bidoni kifuniko kwa nguvu zake zote ili harufu isitoke. Kule milimani mtungi hufunikwa kwa majani ya mgomba, nayo majani hayana ugomvi na povu. Plastiki alikuwa hajaizoea.

Wote walikuwa wameinamisha vichwa katika maombi bidoni lilipopasuka. Puu! Wazee wawili walijitupa sakafuni, maana Uvira mlio unaofanana na risasi hauulizwi mara mbili. Kisha povu likaja likitambaa chini ya mlango, na harufu yake mbele.

"Ni nini ile?" aliuliza mchungaji.

Domitille aliona hana pa kukimbilia. Akainuka.

"Ni mutobe, mchungaji. Ni minye naitengenezaka."

Damien alitamani ardhi immeze. Lakini mchungaji Firmin naye alikuwa mtoto wa milimani, akaomba glasi ya kile kilichobaki. Akaonja. Akaimaliza, akaomba ya pili, ati apate kuhakikisha.

"Damien," alisema hatimaye, "huyu mama mulimuficha wapi?"

Domitille alihisi machozi yakimlenga, akayameza.

"Mwezi ujao kwaya ya Luberizi iko inakuja," mchungaji aliendelea. "Mutobe ya wageni ni yeye ataitengeneza. Mutu asimuguse."

Wageni walipoondoka, Damien alifunga mlango na kumgeukia mama yake.

"Mama, ile haikuwa mutobe. Ilikuwa kasiksi."

"Na weye, shemasi, umejulia wapi?"

Damien alichukua kitambaa, akaanza kupangusa povu sakafuni.

Jumatatu Toussaint alipokuja na vyuma vyake kuitoa mashine, hakuna aliyemzuia. Alimkuta shemasi nyuma ya nyumba, suruali imekunjwa, ndani ya shimo lililomfika magotini, jasho likimtiririka. Mama yake alikuwa amesimama juu yake, mkono kiunoni, mkungu wa ndizi mbichi miguuni.

"Bado," alisema Domitille. "Ongeza. Na weye, fundi, uko unaangalia nini? Kamata jembe."