Mama wa Raundi ya Pili

Evariste alilia machozi ya kweli nilipomsimulia, hilo simnyimi. Alikaa kwenye kigoda cha wateja hapa kibandani kwangu, kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, akajifuta macho kwa kitambaa nilichokuwa nimekata kiwe kola ya mtu, na mimi nikamwonea huruma. Mimi! Nikambembeleza yeye kwa jambo langu mwenyewe. Nikikumbuka natamani kujizaba kofi.

Evariste ni mtu wa kwetu Fizi, Kongo. Tulifika kambini mwaka mmoja na tunaimba kwaya moja. Kompyuta alijifunzia hapahapa, kisha akapata kazi Lilongwe, mtaa wa Area 18, kwenye kampuni ndogo ya vijana wanaotengeneza mchezo wa simu unaoitwa Mabonde. Si mchezo wa mpira wala wa magari. Unapewa nchi nzima na uhuru wa kwenda unakotaka. Ukitaka kulima unalima, ukitaka kuuza samaki unauza, na ukitaka kuvuka milima kuwatafuta wazazi wako, ambalo ndilo lengo lenyewe, unavuka. Njiani unakutana na watu wenye maneno yao na nguo zao.

Hizo nguo zilitoka kwangu. Evariste alipiga picha kila kitenge kilichopita chini ya sindano yangu. Mama Véronique, jirani yetu anayetembeza mandazi, gauni lake la majani ya kijani liliingia kwenye mchezo, na ndani ya mchezo limevaliwa na mama anayeuza mandazi. Koti la pasta Sindayigaya likavaliwa na pasta. Ikawa raha ya mtaa mzima, watoto wakimtambua kila mtu kwa nguo yake, na Evariste hakukosea hata mara moja. Nguo za wateja zilipokwisha nikamfungulia sanduku langu, maana nilishajiona fundi wa kimataifa. Ndani mlikuwa na kitenge cha bluu chenye miavuli ya njano, kimeungua pasi kwenye pembe, na pale palipoungua pameshonwa kwa uzi mwekundu. Akakipiga picha nacho.

Naishi na Elodie, msichana wa miaka kumi na mitano. Kwenye karatasi ya chakula ameandikwa mdogo wangu, kwa sababu ndivyo nilivyosema siku ya kuandikishwa, yeye akiwa mgongoni mwangu. Kitenge cha bluu nilimwambia ni cha marehemu mama yetu. Kila alasiri Mama Véronique akipita mlangoni na beseni lake huita, "Muko?" na Elodie hujibu kwa sauti ya kuamsha mtaa, "Tuko!" Mimi sijawahi kujibu.

Elodie alikuwa mmoja wa vijana sita wa kambi waliopewa simu na kampuni ili waujaribu mchezo. Walipoumaliza, mchezo ukawaruhusu kuanza tena tangu mwanzo wakiwa na vyote walivyopata, nguvu, mfuko, hata baiskeli. Hiyo ndiyo raundi ya pili. Waliingia kwa shangwe, wakatoka wamenuna.

"Ni bile bile tu," Elodie alimwambia Evariste. "Banyang'anyi njo beko bakali zaidi. Ule muzee nilimubebea kuni, narudi tena ananisalimia kama mugeni. Sasa nilirudi ya nini?"

Evariste alikosa raha. Mkubwa wake alikuwa amesema mchezo ambao watu hawaurudii ni mchezo uliokufa. Siku moja ya mvua, Elodie akiwa shuleni, alikuja akakaa kwenye kigoda, akaniuliza, "Ketsia, we kama ungerudia njia yako, na akili ya leo, ungefanya nini tofauti?"

Sijui kwa nini nilijibu. Mkanda wa cherehani ulikuwa umekatika, mikono yangu haikuwa na kazi, na jambo hili nilikuwa nimelibeba miaka kumi na mitano. Hata kwenye maombi nililizunguka.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa watu kumi na mmoja juu ya lori la mahindi, na lori lilikuwa limesimama Tunduma, mpakani. Mama aliyekaa pembeni yangu, ambaye hata jina sikumuuliza, aliniwekea mtoto mapajani akiwa amefungwa kwenye kitenge cha bluu, akasema, "Nishikie kidogo, natafuta maji." Akashuka. Mara lori likawashwa. Dereva akauliza, "Wote mpo?" Watu wakajibu, "Tuko!" Nilikuwa naogopa polisi, naogopa kuteremshwa, naogopa kurudishwa. Na mimi nikasema, "Tuko."

Hapo ndipo Evariste alipolia. Akanishika mikono. "Usijiue bure, Ketsia. Ule mama hangerudi. Alikuachia mutoto kwa kusudi, ili apone." Nikamsihi asimwambie mtu, hasa Elodie. Akaapa kwa jina la Mungu. Nililala usingizi mzuri wiki nzima, usingizi ambao sikuujua tangu ujana.

Baada ya miezi miwili, Jumapili, alikuja kutoka Lilongwe baada ya ibada. Nikampikia bugali, ndio ugali wa kwetu, na sombe ya majani ya muhogo. Alipomaliza kula aliomba ile simu ya Elodie aiwekee mchezo uliotengenezwa upya. Akaiweka kwa mkono wake, pale mezani kwangu, na nikamwambia asante. Elodie alikuwa na mitihani ya Form Two mpaka Alhamisi, kwa hiyo simu nikaifungia sandukuni, juu ya kile kitenge. Ufunguo nikauweka kwenye droo ya cherehani, unapokaa siku zote.

Jumatano akaja Tuyishimire, kijana wa jirani ambaye naye ana simu ya kampuni, kupunguza suruali. Nikiwa nimepiga magoti nampima pindo, akaanza kunisimulia mambo ya mchezo.

"Sasa raundi ya pili iko tamu, Dada Ketsia! Mu muchezo kulikuwa tangu zamani mama moja ku lori. Raundi ya kwanza anakupa mfuko wa unga umushikie, lori inaondoka, unga inabaki yako, unafurahi. Raundi ya pili, anakupa tena. Unafungua hivi, kumbe si unga. Ni mutoto!"

Pini iliniingia kidoleni. Nikamuuliza mtoto amefungwa na nini.

"Kitambaa ya bluu. Ya nani ile? Hatujamujua mwenyewe bado."

Ningeweza kuivunja ile simu kwa jiwe. Lakini simu zilikuwa sita, na Tuyishimire mdomo wake hauna mlango. Alhamisi Elodie angemaliza mtihani na kuomba simu yake. Anaijua miavuli ile ya njano, anaujua uzi ule mwekundu, kwa sababu nimemfundisha kushona kwa kumwonyesha mshono huohuo. Na wote kambini walijua kwamba ndani ya mchezo nguo huvaliwa na mwenye nguo. Alhamisi asubuhi, Elodie alipokwenda kwenye mtihani wa mwisho, nilipanda kabaza, baiskeli ya abiria, mpaka barabarani, nikadandia gari la Lilongwe.

Ofisi yao ni nyumba ya kawaida Area 18, sebule yenye meza nne. Evariste aliponiona akasimama akitabasamu. Alidhani nimekuja kumpongeza! Hiyo ndiyo iliyoniuma kabla ya mengine yote.

"Nionyeshe," nikasema.

Akanionyesha. Lori la mahindi, watu juu yake, na mama mwembamba mwenye mzigo uliofungwa kwa kitenge cha bluu. Alikuwa amekumbuka kila kitu nilichomwambia, hata ndala zilizokatika. Mama akanyoosha mikono akampa mtu wa mchezo mzigo wake. Dereva akauliza, wote mpo? Chini ya kioo yakatokea maneno mawili ya kuchagua. Moja liliandikwa TUKO. La pili liliandikwa NGOJA.

"Evariste, uliapa."

"Mi sikutaja jina yako, Ketsia. Hakuna muntu atakujua. Sikia, we njo ulinifungua macho. Muntu akirudia muchezo hatafuti vita mupya. Anatafuta kile alipita bila kukiona. Bale bote balishika unga raundi ya kwanza bakafurahi, sasa banarudi, banaona balifanya nini. Chef, mukubwa wetu, alipoiona aliipitisha palepale. Ni kwa heshima yako."

"Heshima!" Wale vijana wa meza nyingine wakageuka, na wageuke. "Uliniuliza kama rafiki ama uliniuliza kama fundi anayetafuta kitambaa? Kama ni kitambaa ungesema, ningekuuzia."

Akageukia kompyuta yake. Kisha akasema polepole, "Unataka kuona mwisho, muntu akichagua kungoja?"

"Sitaki kuona kitu. Toa."

Akasema kuitoa hawezi, chef ameshaipitisha. Nikamwambia basi atoe kitenge. Hilo aliliweza. Alibofya mara tatu, bluu ikawa nyekundu, miavuli ikawa maua, uzi ukatoweka. Mzigo wa mama yule ukabaki umefungwa kwa nguo isiyo ya mtu yeyote.

"Umeona? Imeisha," akasema. "Rudi nyumbani na amani."

Nikarudi na amani, mpumbavu mimi. Nilidhani mchezo ni kama redio, wakibadilisha wimbo kule studio umebadilika kwenye kila nyumba. Yeye alijua si hivyo. Alijua simu ya Elodie ina ule wa Jumapili, aliouweka kwa mkono wake, na alijua utabaki hivyo mpaka mtu auguse tena. Alinitazama machoni akanisindikiza mpaka geti, akaniambia nimsalimie Elodie.

Nilifika jua likiwa bado juu. Njia nzima kutoka barabarani nilikuwa nawaza nimpikie nini mtoto aliyemaliza mitihani. Droo ya cherehani ilikuwa wazi.

Elodie alikuwa amekaa kitandani na sare ya shule. Kitenge cha bluu alikuwa amekitandaza mapajani, ile pembe ya uzi mwekundu juu, na simu kando yake. Hakuwa analia. Ningependa angekuwa analia, kwa kulia ningejua pa kumshika.

"Dada," akasema, "mi nimengoja."

Nikakaa kwenye mkeka.

"Dereva alinitukana. Bantu bote ba juu ya lori balinitukana, eti nawachelewesha. Nikangoja tu. Dakika tatu, nimehesabu." Akapitisha kidole juu ya mshono. "Ule mama amerudi. Alikuwa anakimbia, na maji mu kopo. Alikuwa anaimwanga njia yote sababu ya kukimbia."

Hangerudi, aliniambia Evariste, huku amenishika mikono. Alikuachia kwa kusudi. Kisha akaenda Lilongwe, akakaa mezani, akamtengenezea miguu ya kukimbia. Kumbe hata yeye hakuamini alichoniambia. Nilimchukia siku hiyo kuliko nilivyowahi kumchukia yeyote aliyenifukuza kwetu, kwa kuwa hao hawakula bugali yangu.

"Elodie, ule ni muchezo. Evariste alijitungia."

"Evariste hajakosea kitambaa hata siku moja." Akainua ile pembe. "Ulisema huu uzi alishona mama yetu. Ni mama yetu, ama ni mama yangu?"

Ningeweza kudanganya. Nimedanganya maafisa wa mipaka mitatu nikiwa na njaa, sembuse mtoto. Lakini alikuwa ananitazama jinsi anavyotazama mshono kabla ya kuufumua, na nilijua jibu lolote nitakalotoa atalifumua.

"Mama yako," nikasema.

"Jina yake?"

"Sikumuuliza."

Akatikisa kichwa taratibu, mara mbili tatu. Niliona anapiga hesabu ya miaka, ya karatasi ya chakula, ya kila mara nilipomwambia pua yake ni ya baba yangu. Nilitaka kumwambia juu ya homa iliyomshika njiani, Karonga, jinsi nilivyomfunga kifuani siku nne sikumshusha chini. Nilitaka kumwambia nimeunyima usingizi mwili huu lakini yeye sijamnyima kitu. Yote ni kweli, na hakuna hata moja aliloniuliza.

"Na we," akasema, "ulingoja dakika ngapi?"

Simu kitandani ilikuwa ingali inawaka. Mchezo ulikuwa umerudi pale kwenye lori, na yale maneno mawili yalikuwa chini ya kioo yakingoja mtu achague.

"Nilisema tuko," nikamjibu.

Hakupiga kelele. Alisimama, akakunja kitenge jinsi nilivyomfundisha, pindo juu ya pindo, akakilainisha kwa kiganja. Sanduku lilikuwa wazi mbele yake. Hakukirudisha. Alikiweka kwenye mkoba wake wa shule, kati ya madaftari, akafunga zipu.

Nje Mama Véronique alikuwa anapita na beseni lake, amevaa lile gauni la majani ya kijani. Akasimama mlangoni kwetu kama kila siku.

"Muko?"

Elodie alivaa mkoba mgongoni.

"Ketsia iko," akajibu, akatoka.