Risasi Zisizo na Kishindo

...na hii ya nne nayo imekwama, ganda tupu limesimama wima kwenye tundu la bunduki kama jino lililoota vibaya, Goretti akaondoa kidole, akaacha mtutu ukitazama mbele kama alivyofundishwa, na kule mwisho yule mtu wa karatasi bado alikuwa mzima, tundu moja begani na mawili pembeni, hewani, Nahashon, mumewe, angemwona angecheka kile kicheko chake cha puani, hata kupiga karatasi kunakushinda, angesema, na ndiyo maana ilikuwa lazima ajifunze, kila Jumamosi, mpaka matundu yaingie pale kwenye kifua, pale shati jeupe linapobana anapopiga kinanda kanisani, waumini wote wa Brooklyn Center wakimpigia makofi... "Wiki mbili tu mkononi mwako na ishaanza visa?" Kalume alikuwa amefika nyuma yake, vifuniko vya masikio vikimeza nusu ya maneno, "...bunduki hii, dada, au bwana?" na akajicheka mwenyewe, Kalume wa Kilifi, muuzaji wa hapa, mtu pekee katika uwanja huu wa shabaha mjini Savage, huku ughaibuni, ambaye angeweza kumwuliza kitu bila kutafuta Kiingereza kwanza, naye Goretti hakucheka, alitazama kifundo cha mkono wake wa kulia, mfupa ulivyounga ukaacha kinundu, ule ambao humwuma akimgeuza mgonjwa kitandani kule kazini Maplewood, humwuma akimbeba mwanawe Timothy, ulivunjika saa saba mchana, ugali ukiwa jikoni, kwa sababu alichelewa kujibu alipoitwa, krak, kama kijiti, na Nahashon akaketi akala. "Mafuta umeitia?" Nimetia. "Magazini ya risasi imekaa sawa? Isukume." Aliisukuma, ilikuwa sawa, kila kitu alikifanya sawa, alienda hata kwenye kile kikao cha upatanisho nyumbani kwa mchungaji kwa sababu aliambiwa aende, akakaa ukingoni mwa kochi huku bendeji ikimwasha, wakamiminiwa chai, Mama Chepkemoi wa kanisani akamshika goti, "Mama Timo, ukimpeleka mbele ya sheria watamrudisha Kenya, na mtoto atakuuliza baba yuko wapi, utamjibu nini?" na Nahashon akainamisha kichwa vizuri sana, akasema samahani, akaombewa yeye, mikono minne kichwani pake, yeye, na Goretti akasema amina kwa sababu sauti nyingine haikutoka, haijawahi kutoka mbele ya watu, hiyo amina ndiyo anayotaka kuirudisha, aichukue kutoka midomoni mwao wote, aone kama yule mtu atainamisha kichwa hivyo tena... "Hebu nionyeshe kisanduku cha risasi." Alimsogezea. Kalume alikisoma, akakigeuza, akanyanyua kifuniko cha sikio lake. "Aa, dadangu! Hizi nani kakupa?" "Nilichagua mwenyewe." "Hizi ni za polepole, hazina kishindo. Watu wanapigia sungura bustanini jirani asisikie. Sasa bunduki inayojipakia yenyewe inataka nguvu, kile chuma cha ndani kisukumwe kirudi nyuma kabisa, kitupe ganda, ndipo risasi nyingine iingie. Hii nguvu haina. Inaishia katikati. Mbona ukachukua hizi?" na Goretti akajibu, kama anavyojibu watu wanaomwuliza dukani kwa nini anachukua maziwa yale na si haya, akajibu tu, "Mtoto hulala mchana." Kalume akakifunga kisanduku. Kwenye njia ya pili ya kulengea mtu akafyatua, sauti ikapasua paa, na Goretti akalisikia jibu lake likirudi... mtoto hulala mchana, alisimama nusu saa nzima mbele ya rafu akisoma kisanduku kimoja kimoja, akiona aibu kuuliza, akitafuta neno la utulivu kwa sababu Timo huamshwa na kijiko kikianguka, na hakujiuliza hata kidogo maana yake, kumbe alishapanga yote, ujumbe kwa Nahashon umo kwenye simu tangu Jumatano, njoo uchukue viatu vyako, bado hajautuma, mlango, kiti, shati jeupe, na Timo nyuma ya ukuta mwembamba amelala, alimtengea nafasi mle ndani ya mpango, mwanawe, kama mtu anavyotandika kitanda, halafu angeamka tu, watoto huamka, angekuja akikokota blanketi... akaiweka bunduki mezani, lakini hasira haikushuka, hapana, ilikaa pale pale, ngumu, ila ilibadilisha kiti, kwa sababu mtu aliyekufa hasikii chochote, mtu aliyekufa huombewa, mikono minne, na maua, na kinanda chake kufunikwa kitambaa. "Ninazo za nguvu hapa," Kalume alisema taratibu, akiuweka mkono wake mwenyewe juu ya droo bila kuifungua, "lakini kwanza niambie, dada, kwema nyumbani?" na ganda bado lilikuwa limesimama wima tunduni, na Goretti alikuwa akimfikiria yule mwanamke wa ofisi ya mashtaka aliyempigia mara tatu, ukiwa tayari tutakuletea mkalimani, utakaa pale mbele ya hakimu, naye mumeo amekaa palepale akitazama, na kwa mara ya kwanza Goretti alikitaka hicho kiti, alitaka Nahashon awe hai kabisa, amenyoa, amevaa tai, Mama Chepkemoi nyuma yake, jikoni, ugali, krak, polepole, neno kwa neno, na asiweze kuinuka akatoka, alisikie lote kwa Kiswahili kinywani mwake Goretti, halafu alisikie tena lote kwa Kiingereza.