Barafu Iliyotiwa Chumvi

Bi Mgeni alipokuja mara ya kwanza kumwangalia Mina, alikunywa funda moja la sharbati ya nanasi, akaweka bakuli chini, akasema, "Nzuri. Vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto, lakini nzuri." Kisha akanusa mara mbili, akajiziba pua kwa ncha ya leso. "Na harufu hiyo je?"

Harufu ilikuwa ya ng'onda. Mzee Mikidadi, baba yake Mina, alikuwa akiwatia samaki chumvi na kuwaanika tangu hajaota ndevu, na toka Mbegani mpaka Kerege hapakuwa na jiko ambalo samaki wake hawakupata kuingia. Lakini Bi Mgeni alikuwa mtu wa Unguja. Mwanawe Mbaruku, kijana aliyekuwa akinunua sandarusi, ule utomvu mgumu wa miti, huko Fukayosi na kuiuza pwani, alikwisha kusema kwamba ni Mina au hataoa kabisa. Mina naye hakusema kitu, maana si desturi, lakini kila Mbaruku alipopita njiani alimwaga mchele aliokuwa akiupeta. Neno la mwisho lilikuwa la mama mtu, na mama mtu aliahidi kulitoa Alhamisi, baada ya alasiri.

"Safari hii atakunywa baridi," Mzee Mikidadi akaapa. "Barafu itatoka kwao huko huko Unguja!"

Ilikuwa miaka michache kabla ya Wadachi kupandisha bendera yao Bagamoyo, na barafu ilikuwa kitu cha kusimuliwa tu. Ilisemekana Unguja kuna mtambo unaogeuza maji kuwa jiwe. Watu wengi waliziweka habari hizo kapu moja na habari za majini.

Alhamisi asubuhi barafu ikashuka forodhani, imezungushiwa pumba za mpunga na magunia, ukubwa wake kama mbuzi. Wachukuzi wawili wakaining'iniza mtini wakaiweka mabegani. Mzee Mikidadi akatangulia, Mina akafuata nyuma na leso yake kichwani. Kutoka forodhani mpaka kwao ni mwendo wa kumaliza kipande kimoja cha muwa. Tatizo ni kwamba njiani kulikuwa na watu, na Mzee Mikidadi hakupata kumpita mtu bila kumsalimu.

"Shikamoo, Mzee Husseni!"

"Marahaba, Mikidadi. Hujambo?"

"Sijambo. Watoto?"

"Hawajambo. Wako?"

"Hawajambo. Na goti?"

"Ah, goti, ndugu yangu!" Mzee Husseni akajiweka sawa barazani. "Goti hili lilianza hivi..."

Nyuma yao, tone moja likaanguka mchangani. Kisha jingine.

"Baba," Mina akanong'ona, "inadondoka."

"Nimsalimie mtu nusu? Watasema Mikidadi kapata barafu, kapata na kiburi."

Kwa Bi Dija palikuwa na habari za mbuzi aliyepotea tangu juzi, na Bi Dija mwenyewe akataka kuigusa barafu, akaigusa, akapiga kelele, akawaita wanawe sita waje nao wapige kelele. Mwalimu wa chuo cha Kurani aliona kitu cha ajabu namna hiyo hakiwezi kupita bila dua, na dua zake zilijulikana kwa urefu. Wachukuzi wakasimama na mti mabegani, wakiitikia amina huku miguu yao inaloa. Barafu iliyotoka forodhani mbuzi ikafika nyumbani kuku.

"Hii ndiyo barafu?" akauliza shangazi Tabia, dada yake Mzee Mikidadi, aliyekuja kuwapokea wageni. "Mbona inatoka jasho kuliko mimi?"

Mina hakutaka kulia mbele ya baba yake. Barafu ile haikutosha tena kutiwa katika mabakuli, lakini iliweza kuzuia tui lisichache kwa joto lile la kaskazi. Alikuwa amekwisha kukamua tui zito, akaponda maembe, akatia sukari na hiliki, akaujaza mchanganyiko wake katika kopo la shaba lenye kifuniko. Akaipondaponda barafu kwa mchi, akalizika kopo katikati yake ndani ya pipa.

"Baba, nakwenda kuoga na kuvaa. Nilindie. Isiharibike."

"Mwanangu," Mzee Mikidadi akasema, amekwisha kukunja mikono ya kanzu, "yuko mtu Bagamoyo anayenishinda kukilinda kitu kisiharibike?"

Angekuwa na nafasi, Mina angeyafikiria maneno hayo. Hakuwa nayo.

Aliporudi amejifukiza udi, alimkuta baba yake uani amepiga magoti, anavuja jasho, akilibiringisha pipa huku na huku.

"Baba, unafanya nini?"

"Nimeitia chumvi."

"Umetia nini chumvi?"

"Barafu. Pishi mbili, ile ya mawe, ya samaki. Na ninaigeuza, maana chumvi usipoigeuza inaingia upande mmoja." Akajifuta uso kwa kiwiko. "Sasa hata ikikaa mwezi mzima haitanuka, wallahi."

Mina akafunua pipa. Ndani mlikuwa na tope la maji ya chumvi, rangi ya majivu, na vipande vya barafu vilivyobaki havikuzidi ukubwa wa kokwa za maembe. Alipotumbukiza mkono, baridi ikamuuma kama tandu. Akamtazama baba yake. Vidole vyake vilikuwa vimevimba na kuwa vyekundu, naye alikuwa akingoja kusifiwa.

"Umefanya vizuri, Baba," akasema.

"Hodi!" Sauti ya Bi Mgeni ikaingia mlangoni kabla yake.

Mzee Mikidadi akakimbilia nyuma ya pazia, kwa kuwa mazungumzo yalikuwa ya wanawake. Bi Mgeni akaketi na wenzake wawili. Shangazi Tabia akaanza kuulizana nao hali, na mara hii Mina akaziombea salamu ziwe ndefu. Jikoni akamimina sharbati ya nanasi katika mabakuli, akainamisha kopo ili atie tui juu yake.

Tui halikutoka. Akaligeuza kopo juu chini, akaligonga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Wapi! Akachukua kijiko cha kifuu, akakwangua, akaonja kwa woga.

Kilichokuwa ulimini mwake kilikataa kuwa kigumu na kikakataa kuwa maji. Kilikuwa embe, kilikuwa nazi, na kilikuwa baridi mpaka masikioni.

Akachota madonge madogo madogo, akayatia katika kila bakuli. Madonge yalizama, yakaibuka, yakaelea juu ya sharbati, manjano, yakizungukwa na povu. Akawapelekea wageni, akaketi kando ya shangazi Tabia.

"Kwetu Unguja barafu tunakula kila leo," Bi Mgeni akawaambia wenzake, akachota donge zima, akalipuliza lipoe, akalitia mdomoni. Macho yakamtoka. Akajipepea ulimi kwa upepeo. Wenzake wakashika vijiko hewani, wakingoja kujua kama atakufa.

Hakufa. Alichota tena, kidogo kidogo, mpaka nusu ya bakuli.

"Tabia," akasema hatimaye, "mwanangu na aoe. Lakini harusi itakuwa kwetu Unguja, mbele ya watu wakubwa. Mzee wa ng'onda atatuwia radhi, abaki huku na harufu yake."

Nyuma ya pazia palikoholewa. "Vyema, bibi," sauti ikasema, ndogo kuliko kawaida yake. "Madhali mtoto amepata."

"Na nitamtaka fundi aliyetengeneza hii. Ni Mhindi gani?"

Msichana anayeposwa hasemi mbele ya mkwe. Mina alilijua hilo, na shangazi Tabia alikuwa karibu kumkumbusha kwa kumfinya paja. Hata hivyo akafumbua mdomo.

"Si Mhindi. Ni baba yangu. Ameigandisha kwa chumvi ya ng'onda, kwa mikono yake."

"Ya ng'onda?"

"Hiyo hiyo. Kama yeye hafai kufika harusini kwenu..." Akatazama mkeka. "Basi sisi hatutafika. Mimi na sharbati."

Shangazi Tabia akafunga macho. Bi Mgeni akainua bakuli, akanusa mara mbili, akasikia harufu ya embe na hiliki tu. Alitaka kufikiri, lakini donge la mwisho lilikuwa likiyeyuka wala halikuwa na subira, basi akalila kwanza.

"Wewe uliye nyuma ya pazia!" akaita. "Kwa watu mia tatu, chumvi pishi ngapi?"

"Inategemea barafu, bibi. Ni ya mbuzi au ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

"Basi sharti nije mwenyewe. Kugeuza chumvi si kazi ya kila mtu."

"Njoo. Lakini uoge."

"Nitaoga mara mbili."

"Na barafu ikitoka mtamboni, uipeleke moja kwa moja," Mina akasema, maana alikwisha kuzoea kusema. "Bila kumsalimu mtu njiani."

Nyuma ya pazia pakakoholewa tena.

"Hilo, mwanangu," Mzee Mikidadi akasema, "siwezi kuahidi."