Samaki wa Jumatano

“Nuseni! Nuseni wenyewe, msije mkasema nimeficha!”

Mama Letisia alikuwa amesimama katikati ya steshenari yangu na sufuria ya moto, ameishika kwa vitambaa viwili, kifuniko kakibana kwapani. Aliisogeza puani kwa mwalimu aliyekuja kutoa kopi ya cheti, akaisogeza kwa Nikodemo kinyozi, kisha akanigeukia mimi.

“Na wewe Baba Abel, mwenye pua ndefu kuliko wote. Nini hiki?”

“Maharage,” nikasema.

“Ya leo au ya juzi?”

“Ya leo.”

“Basi kawatangazie na hilo, kama ulivyowatangazia lile lingine.”

Tatizo ni kwamba harufu ya samaki aliyechacha ilikuwa palepale chumbani, haikutikisika hata kidogo na mvuke wa maharage. Na mimi mdomo wangu haujawahi kujua siku ya kupumzika. Nikasema, “Sufuria moja ndiyo hiyo tumeinusa. Jikoni unazo ngapi?”

Nikodemo akacheka, akaona amecheka peke yake, akaacha. Mama Letisia aliifunika sufuria taratibu.

“Miaka sita tunagawana ukuta,” akasema, akatoka.

Chini ya meza, katikati ya nyaya, fundi Anneth alikuwa amepiga magoti na bisibisi mkononi. Alikuwa amesikia yote.

Nieleze jinsi tulivyofika hapo, maana lawama zina mwenyewe. Vyumba vyetu viko jirani na stendi ya Makambako, vimetenganishwa na ukuta wa mbao. Upande wangu karatasi, kalamu, mashine ya kopi na kompyuta moja. Upande wake mabenchi mawili, meza yenye kitambaa cha plastiki, na jiko. Mimi ni mtu wa watu. Duka langu lina viti vingi kuliko wateja, na jagi la umeme la chai halipoi, kwa sababu upepo wa Makambako unaingia mpaka kwenye mifupa, na mtu akishapewa kikombe cha moto hukueleza mambo ambayo hata mchungaji wake hajayasikia. Hivyo ndivyo nilivyosoma. Shule niliishia darasa la saba. Mengine yote nimefundishwa vitini pale.

Mama Letisia, jina lake Getruda Haule, ni Mkatoliki wa Lugarawa. Kila Ijumaa ya Kwaresima hupika samaki wa Ziwa Nyasa wanaomfikia kwa basi la kutoka Ludewa, na sisi Walutheri wa mtaa mzima, tusiofunga nyama wala nini, ndio tuliokuwa wa kwanza kujaza mabenchi. Benchi lile ndilo lililokuwa likimsomesha binti yake Letisia uuguzi.

Mwaka ule, Ijumaa ya pili ya Kwaresima, harufu ya samaki ilivuka ukuta kama kawaida. Jumatatu ikaja tena. Jumanne pia. Nikiwa na kikombe mkononi na viti vimejaa, nikasema, “Jamani, samaki wa Ijumaa kwa jirani bado yuko kwenye mfungo.” Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Ulikuwa mzaha tu. Lakini mzaha ule ulifika stendi kabla yangu, na ulipofika ulikuwa umeshavuliwa kicheko: Mama Letisia anauza viporo. Wiki iliyofuata madereva wa malori ya mbao walipita mlangoni kwake bila kugeuka. Saa saba mchana mabenchi yalikuwa wazi. Nilimwona akifuta meza ambayo hakuna aliyeichafua.

Nilimwona, na bado niliendelea kuchemsha chai.

Kisha kompyuta yangu ikazima katikati ya barua, ikakataa kuwaka. Nikampigia Anneth. Karakana yake iko Njombe mjini, lakini kwao hasa ni Wanging'ombe. Alikuwa na miaka kama thelathini, mfupi, mkimya kiasi cha kunitia wasiwasi. Alishuka kwenye basi Jumatano ile asubuhi, ameshika mkoba kifuani kama mtu aliyebeba mayai. “Kamwene,” akasalimia, akavua koti. Akasema kilichokufa ni pawasaplai, kile kiboksi cha chuma kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawia kompyuta nzima. Mpya alikuwa nayo mkobani.

Nikamwekea chai. Harufu ikaja. Nikapaza sauti, makusudi, ili ukuta usikie: “Samaki wa Ijumaa hao!” Ndipo jirani akaja na sufuria yake.

Jirani alipoondoka, Anneth aliendelea kama mtu anayefuma. Alipangusa vumbi kwa brashi ya rangi, akakaza skrubu nne, akachomeka nyaya moja baada ya nyingine, kila moja akiivuta kidogo kuona kama imeshika. Akabonyeza. Feni ikazunguka, skrini ikapata uhai. Nikapiga makofi, nikajaza maji kwenye jagi, nikaliwasha tena ili tusherehekee.

Harufu ikarudi kwa nguvu mpaka mwalimu akaziba pua.

“Kiboksi chako kipya hicho,” Nikodemo akasema. “Feki. Kinaungua.”

Fundi mwingine yeyote niliyewahi kumwita angeanza kujitetea. Angetaja duka alilonunulia, angeapa kwa mama yake. Anneth alizima kompyuta, akachomoa waya wake ukutani, akatuomba kitu ambacho hakijawahi kuombwa dukani kwangu.

“Naomba mnyamaze.”

Tukanyamaza. Alinusa kwanza mgongo wa mkono wake mwenyewe, ili pua ianze upya. Baadaye nilijua kwamba siku za kazi hapaki manukato, wala sabuni yake haina harufu. Akafumba macho, akainama kwenye kile kiboksi. “Kinanuka upya tu,” akasema. “Kama viatu vya dukani.” Na kweli, kompyuta ilikuwa imezimwa na samaki bado alikuwepo.

“Baba, yule mama hupika samaki siku gani?”

“Ijumaa.”

“Leo?”

“Jumatano.”

“Na harufu hii huja saa ngapi?”

Nikafikiri. “Saa za chai.”

“Chai ya nani?”

Maji yalikuwa yanaanza kuimba kwenye jagi. “Yangu,” nikasema.

Alilizima jagi, akaufuata waya wake kwa kidole hadi nyuma ya rafu ya karatasi. Tukashusha rimu zote. Nyuma yake, kwenye ukuta wa mbao, ilikuwepo soketi ya kahawia, uso wake umepinda kama shavu la mtu aliyelalia mkono. Ubao ulioizunguka ulikuwa umeungua, duara jeusi la ukubwa wa kiganja.

“Nani alifunga hii?”

Mimi. Mwaka mmoja nyuma, siku ya mvua, nilipotaka jagi lipate pa kuchomekwa pamoja na mashine ya kopi na kompyuta. Nilisokota nyaya kwa vidole, na kwa kuwa sikuwa na utepe wa umeme, nilinyoosha mkono kwenye rafu yangu nikachukua selotepu. Ile ya kubandikia bahasha. Sasa ilikuwa imekuwa njano, imejikunja, imeachia.

“Plastiki ngumu ya soketi ikiungua polepole hunuka samaki,” Anneth alisema, bila ukali. “Watu huanza kumtafuta samaki. Na umeme uliokuwa ukikatikakatika hapa ndio ulioua kiboksi chako cha zamani.”

Akazima umeme wote, akatoka nje, akaenda kwa jirani. Nikamfuata. Mama Letisia alikuwa ameketi peke yake na maharage yake ya leo. Anneth alipapasa ukuta kutoka upande ule mpaka akapata pale palipokuwa pa moto. Mtungi wa gesi ulikuwa umeegemezwa papo hapo.

Mama Letisia aliinuka, akaukumbatia mtungi, akauhamishia pembe ya pili.

Anneth alifunga soketi mpya mchana huo, na jagi likakatazwa kuishi pale. Mpaka leo nikisikia watu wanasifu mafundi wa maneno mengi, namkumbuka yule binti na macho yake yaliyofumbwa. Mimi nilikuwa na pua ileile, siku zote zile, chumba kilekile.

Soketi iliyoungua niliitia mfukoni. Nikaanza kwa Nikodemo, nikaenda kwa madereva wa mbao, kwa wauza viazi, kwa wakata tiketi, kila niliyemchekesha. Uongo niliusema nimekaa na kikombe. Ukweli ilibidi niutembeze kwa miguu, kwenye mvua ya Machi. “Nuseni,” niliwaambia, nikiitoa. “Samaki wenyewe ndio hawa. Ni wangu.” Wengine walicheka. Dereva mmoja hakucheka. Aliniita kwa jina langu, “Mzee Yoeli, tumemkosea mama wa watu,” na ile *tu* yake, ya sisi sote, ilikuwa huruma kubwa kuliko nilivyostahili.

Ijumaa saa saba nilisimama nje ya mlango wa Mama Letisia. Benchi moja lilikuwa limejaa. La pili lilikuwa na watu wawili, na nafasi. Harufu ilikuwa ya samaki, samaki kweli, na ndimu na kitunguu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu alfajiri.

Alinitazama akiwa na upawa mkononi, muda mrefu, mpaka walaji wakaacha kutafuna.

“Baba Abel,” akasema, “unanizibia mlango. Ingia, unawe, ule.”

Akasogeza sahani za watu, nikapata pa kukaa.